Mficha Maradhi: Upasuaji wa Kupunguza Uzito, Matayarisho Yake na Maisha Baada Yake



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena tukiwa wazima. Humu ukumbini wapo waliokuja kutoka Maskati na Dubai, wapo waliovuka bahari kutoka Toronto, na wapo waliotoka Unguja kwenyewe. Kamati ya matayarisho iliponiandikia kunitaka niseme juu ya afya, nilidhani barua imekosea mlango. Mimi si daktari. Nimekula mshahara wa serikali umri wangu wote, kwanza nyumbani na kisha hapa Uingereza, kwa kuandika barua na kutunza majalada. Katibu akanijibu kwamba madaktari tunao katika ukoo, lakini safari hii wanachama wanataka kumsikia mgonjwa. Basi nimekubali, na nitasema kama mgonjwa.

Kabla ya kuingia katika maudhui, nina deni la kulipa. Mwaka 2019 wengi wenu mlinipigia simu kuniuliza kwa nini nimekonda. Niliwajibu kwamba nimeacha sukari na ninatembea kwa miguu. Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu, lakini hayakuwa kweli. Dada yangu wa Maskati aliamini kuwa nina saratani na ninamficha, akawa ananisomea Yasini kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukweli ni kwamba mwezi Februari wa mwaka ule nililazwa hospitali nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Waliojua ni mke wangu na binti yetu mkubwa tu. Mke wangu nilimwapisha asiseme, naye akaubeba uongo wangu miaka miwili, akiulizwa na mawifi zake na asiwe na la kuwajibu. Leo, mbele yenu, namwomba radhi yeye kwanza, kisha dada yangu, kisha nyinyi nyote.

Mtauliza, ya nini kuficha? Nilificha kwa sababu ile ile iliyomfanya marehemu kaka yetu mkubwa afiche. Kaka alikuwa na kisukari miaka mingi. Alipopata kidonda cha mguu alikivalia soksi, akakificha wiki nane, kwa kuwa hakutaka watu waseme kwamba mkubwa wa ukoo hawezi kujitawala mbele ya sahani. Alikatwa mguu, na mwaka 2015 tukamzika Maskati. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tunaisema sana sisi, lakini siku ile, nimesimama kaburini, niliisikia kama inaniita kwa jina. Niliporudi mapumzikoni nilijaribu kufunga kamba za viatu vyangu nikashindwa kuzifikia. Mtoto wa kaka ndiye aliyepiga goti akanifungia.

Ndugu zangu, tusiutazame unene kana kwamba ni aibu ya mtu mmoja. Sisi tumelelewa kuuona ni neema. Mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, na akikonda tunamuuliza amepatwa na nini. Picha yangu ya kwanza niliyompelekea mama kutoka Uingereza, mwaka 1990, nilikuwa mwembamba ndani ya koti kubwa la kuazima. Mama aliandika: "Huko hakuna chakula?" Kila picha niliyopeleka baada ya hapo ilikuwa jawabu la barua ile. Miaka ikapita nikikaa kwenye kiti cha ofisi mchana, na jioni nikijipoza kwa pilau, chapati na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Nilipofikia umri wa miaka sitini nilikuwa na kilo 128, na urefu wangu ni mita 1.70.

Hapa nataka kila mmoja aandike hesabu hii pembeni mwa kijitabu chake. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jawabu uligawe tena kwa urefu ule ule. Hesabu yangu ilitoka 44. Kwa kawaida ikivuka 25 uzito umezidi, na ikifika 30 huhesabiwa kuwa ni maradhi. Lakini wataalamu wa Uingereza wameona kwamba watu wenye asili ya Afrika, ya nchi za Kiarabu na ya Bara Hindi hupatwa na kisukari wakiwa na uzito mdogo zaidi kuliko Wazungu, kwa hiyo kwetu sisi mipaka hiyo imeshushwa ikawa 23 na 27.5. Na katika ukoo huu, asili zote hizo tatu tunazo katika damu moja.

Nilikuwa na kisukari, shinikizo la damu, na maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Nilikuwa nikijidunga insulini mara nne kwa siku. Mke wangu alikuwa haamki kwa kukoroma kwangu. Alikuwa akiamka pale mkoromo unapokatika, akisubiri kama utarudi. Magoti yangu yalishindwa hata nikawa nasali juu ya kiti. Hili la mwisho ndilo lililoniuma kuliko yote, ingawa daktari hakuliandika popote.

Sasa tuingie katika upasuaji wenyewe. Si jambo jipya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 daktari mmoja wa Marekani, Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, alianzisha upasuaji wa kukwepesha chakula, baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walipungua uzito. Zamani tumbo lilipasuliwa wazi. Siku hizi, kwa walio wengi, hutobolewa matundu madogo machache, hupitishwa kamera na vyombo vyembamba, na mgonjwa anaweza kutoka hospitali baada ya siku mbili tatu.

Namna zilizo maarufu ni mbili. Ya kwanza ni kuondoa yapata robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, likabaki bomba jembamba kama mfano wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudi. Ya pili, ambayo ndiyo niliyofanyiwa mimi, ni kutenga kimfuko kidogo juu ya tumbo, chenye kuchukua kiasi cha vijiko viwili vya mezani, na kukiunganisha na utumbo mwembamba huko chini. Chakula kikapita njia ya mkato. Tumbo la zamani hubaki ndani, lakini chakula hakipiti humo. Ipo pia namna ya kufunga tumbo kwa mkanda, ambayo ilitumika sana zamani na sasa imepungua.

Watu hudhani kazi ya upasuaji huu ni kulifanya tumbo kuwa dogo tu. Sivyo. Utumbo wetu hutoa homoni zinazopeleka habari ya njaa na ya shibe kwenye ubongo, na nyingine zinazoisaidia insulini ya mwili. Njia ya chakula ikibadilishwa, na homoni hizo hubadilika. Ndiyo maana sukari yangu ilianza kushuka katika siku za mwanzo, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kuonekana. Nilipoelezwa haya nilipata faraja kubwa. Miaka yote nilikuwa nimejihukumu kwamba mimi ni mlafi. Kumbe ndani ya mwili kulikuwa na mizani iliyoharibika.

Nani anastahiki? Hapa Uingereza, katika huduma ya serikali, hufikiriwa mtu ambaye hesabu yake ni 40 au zaidi, au ni 35 na ana maradhi yanayoweza kupata nafuu kwa kupungua uzito, kama kisukari. Kwa wenye asili kama zetu, mipaka hiyo nayo inaweza kushushwa kwa 2.5. Marekani walikuwa na mipaka ya namna hiyo tangu mwaka 1991. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishauri ishuke, ianzie 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na wafikiriwe pia wenye kisukari kuanzia 30. Mlioko Ghuba na Canada waulizeni madaktari wenu taratibu za huko.

Nije kwenye matayarisho, kwani hapo ndipo kazi ilipo. Mimi nilipita katika matayarisho ya zaidi ya mwaka mzima, na mwanzoni nilikasirika, nikaona ni urasimu, tena nikiwa ni mtu wa urasimu mwenyewe. Baadaye nilifahamu hikima yake.

Kwanza, niliandika kila nilichokula, kwa muda wa miezi mitatu. Nilidhani ninakula mara tatu kwa siku. Daftari lilinionyesha mara tisa. Kashata moja ya kupita jikoni, sambusa mbili za kuonja, mkia wa chapati ya mjukuu: hivyo vyote nilikuwa sivihesabu kuwa ni chakula.

Pili, nilipimwa damu, moyo, ini na pumzi. Nilipewa mashine ya kupulizia hewa usiku, kwani mtu mwenye kukatika pumzi usingizini ana hatari zaidi anapopewa nusukaputi. Wavuta sigara huamrishwa waache.

Tatu, nilikutana na mtaalamu wa mambo ya nafsi. Nilikwenda kwa kiburi, nikidhani anataka kujua kama nina wazimu. Aliniuliza swali moja: "Unakula unapoona njaa, au unapoona kitu kingine?" Nilinyamaza muda mrefu. Nilikumbuka miaka yangu ya mwanzo katika nchi hii, chumba kimoja chenye baridi, mke na mtoto wakiwa bado Unguja, na mimi nikirudi kazini usiku na kupika wali wa watu wanne. Nilikuwa nikipika wali wa nyumba nzima kwa sababu sikutaka sufuria inikumbushe kwamba niko peke yangu. Wali ule niliumaliza kila usiku. Mambo haya sikuwahi kumwambia mtu yeyote, na nikamwambia mgeni. Ndugu zangu, asiyeijua sababu ya kula kwake, kisu hakitamjulisha.

Nne, nilifundishwa kula upya kabla ya kupasuliwa: tonge ndogo, kutafuna mpaka chakula kilainike, kuweka kijiko chini baina ya tonge na tonge, na kutochanganya maji na chakula. Aliyezoea mambo haya mapema hupata wepesi baadaye.

Tano, wiki mbili za mwisho niliwekwa katika chakula cha kupunguza ini. Mtu mnene ini lake huwa limejaa mafuta, nalo hulala juu ya tumbo mahali pale pale anapotaka kufika daktari. Likiwa kubwa, kazi huwa ya hatari. Kwa hiyo kwa siku 14 nilikula kiasi cha kalori 800 hadi 1,000 kwa siku: maziwa, mtindi na mboga, bila ya wali wala mkate. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya sukari asijaribu jambo hili bila ya daktari kumpunguzia dawa, kwani sukari inaweza kushuka akaanguka.

Kuhusu hatari, daktari hakunificha. Aliniambia kwamba katika hospitali zenye uzoefu, hatari ya kufa kwa upasuaji huu ni kiasi cha mtu mmoja katika 1,000. Kuna hatari ya kuvuja mahali palipounganishwa, ya kutoka damu, na ya damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Kwa hilo la mwisho hupewa mtu soksi za kubana, huamrishwa ainuke kitandani siku ile ile, na hudungwa sindano ya kuzuia damu kuganda. Sindano inayotumika zaidi hutokana na utumbo wa nguruwe. Niliuliza, nikaambiwa ipo nyingine iitwayo fondaparinux, ambayo hutengenezwa kwa kemikali na haina asili ya mnyama. Wanazuoni wanalo neno juu ya dharura, nami si mwanachuoni. Ninachosema ni kwamba kuuliza si ujinga, na hospitali hawakuona vibaya kuulizwa. Vidonge vya vitamini navyo, vingi vina ganda la jelatini. Muulizeni mfamasia, awape vya kutafuna au vyenye ganda la mimea.

Siku yenyewe sina mengi ya kueleza. Nilisoma nilichokijua, nikahesabu mpaka nne, na nilipofumbua macho mambo yalikuwa yamekwisha. Jioni ile muuguzi alinisimamisha, nikatembea hatua kumi nikishika chuma cha dawa. Siku ya tatu nilirudi nyumbani.

Wiki za mwanzo nilikunywa vya majimaji tu: maziwa, supu iliyochujwa, maji kwa mafunda madogo siku nzima. Kisha vikaja vilivyosagwa laini. Hapo mke wangu alionyesha ufundi wake: alinisagia choroko za nazi nyepesi, akanisagia samaki na mchuzi wake, akanipa vijiko vitatu katika kisahani cha kikombe, na mimi nikashiba. Kisha vyakula laini, na baada ya wiki sita hadi nane chakula cha kawaida. Siku ile ya kijiko cha tatu nililia, wala si kwa maumivu. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimesahau shibe inavyokuja. Katika maisha yangu niliizoea shibe ya kuchoka kula, siyo hii ya kutosheka.

Sasa yasikilizeni masharti ya maisha baada yake, kwani upasuaji ni wa saa mbili na masharti ni ya umri mzima.

La kwanza ni protini: gramu 60 hadi 80 kila siku, na ndiyo huliwa mwanzo kabla ya kitu chochote katika sahani. Yai moja lina gramu 6 hivi, na gramu 100 za samaki zina gramu 20 hivi. Sisi watu wa pwani, samaki, kunde na choroko ni ndugu zetu, hatuna udhuru.

La pili ni maji. Hunywi pamoja na chakula. Unasubiri nusu saa. Lakini katika siku nzima lazima ufikishe lita moja na nusu au zaidi.

La tatu ni vitamini na madini, kila siku, maisha yote: chuma, kalsiamu, vitamini D na nyinginezo, na sindano ya vitamini B12 kila baada ya miezi mitatu. Damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kila mwaka mpaka mwisho wa uhai. Mwenye kutapika siku nyingi mfululizo asikae nyumbani akisubiri kupoa. Anaweza kupungukiwa na vitamini B1 na kudhurika mishipa ya fahamu na ubongo.

La nne, dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen na diclofenac, ambazo wazee wetu hupeana kwa ajili ya magoti kama watu wanavyopeana pipi, si za mtu aliyefanyiwa upasuaji wangu. Zinaweza kumtia kidonda pale palipounganishwa.

La tano, sukari. Katika harusi moja nilidhani nimepona, nikala kipande cha halwa na kaimati mbili. Haikupita nusu saa moyo ulikwenda mbio, jasho likanitiririka, tumbo likanikata, nikakaa ndani ya gari na taarabu nikaisikia kwa mbali. Sukari nyingi ikiteremka ghafla katika utumbo mwembamba ndivyo inavyofanya. Tangu siku hiyo halwa naipa salamu tu.

La sita linawahusu mabinti zetu. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji hushauriwa asibebe mimba kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mpaka uzito utulie. Tena mwili unaopungua huweza kushika mimba kwa urahisi zaidi kuliko zamani, na vidonge vya kuzuia mimba huenda visifanye kazi kama inavyotakiwa. Wazungumze na daktari mapema, na mama wakwe wawaache wapumue.

La saba ni saumu. Wataalamu wangu walinikataza kufunga, hasa kwa kuhofia upungufu wa maji. Ramadhani ya 2019 na ya 2020 sikufunga, nami nilikuwa sijaacha saumu tangu utoto. Nilikaa mezani wakati wa futari kama mgeni. Baadaye, kwa ruhusa yao, nilizilipa siku zangu kidogo kidogo katika Disemba na Januari, ambapo jua la hapa huzama kabla ya saa kumi na moja za jioni. Tangu Ramadhani ya 2021 nafunga pamoja nanyi.

Ipo na mengine ambayo watu hawaelezwi. Mwezi wa nne nywele zilinitoka kwa mashada, zikarudi baadaye. Ngozi ya tumbo ilibaki kama kanzu ya mtu mwingine, na ipo mpaka leo. Kupungua uzito kwa haraka huleta vijiwe vya nyongo kwa baadhi ya watu. Na ile huzuni niliyokuwa nikiipoza kwa wali haikukatwa na kisu. Ilinibidi niitafutie dawa nyingine, nayo kwangu imekuwa ni kutembea kila asubuhi na rafiki zangu wawili wa msikitini, na kuzungumza.

Nisiwadanganye kuhusu matokeo. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na kilo 91. Leo nina kilo 96. Zilirudi tano, na zingerudi zaidi lau nisingerudi kwa mtaalamu wa lishe. Kwa hesabu ya daktari mimi bado ni mnene. Insulini niliiacha, ila mwaka wa nne nilirudishiwa kidonge kimoja cha sukari. Kisukari changu hakikufa. Kimelala, nami natembea kwa kunyata kisiamke. Mashine ya usiku nimeirudisha hospitali. Na siku moja ya Septemba 2019, sala ya Alasiri, nilikisogeza kiti pembeni, nikashuka, nikaweka paji la uso wangu chini. Sijdah ile niliirefusha mpaka mke wangu akaja kunitazama kama nimo.

Vijana wengi wananiuliza habari ya sindano za kila wiki, kama semaglutide, ambayo kwa uzito huuzwa kwa jina la Wegovy, na tirzepatide, iitwayo Mounjaro. Hizi huiga homoni zile zile za utumbo nilizozitaja. Ni dawa za kweli, zimewafaa wengi, na kwa baadhi ya watu zinaweza kutosha bila ya kisu. Lakini anayeziacha, uzito mara nyingi humrudia, na zipo za bandia zinazouzwa na watu wasio na ruhusa. Zitoke mkononi mwa daktari na mfamasia, si katika mkoba wa rafiki.

Kijana wetu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na amenipa ruhusa niseme bila ya kumtaja, alichoka kusubiri. Alilipa akiba yake, akasafiri nchi nyingine kufanyiwa upasuaji, na hakumwambia mtu. Siku ya tano alipandishwa ndege. Alirudi na karatasi moja isiyosomeka. Homa ikamshika, moyo ukaenda mbio, bega la kushoto likamuuma, naye akafikiri ni uchovu wa safari. Tumbo lilikuwa linavuja. Alilazwa wiki saba. Siwalaumu wanaosafiri kutafuta tiba; wazee wetu waliisafiria. Lakini mwenye kusafiri aulize: nani atanitazama nikirudi? Barua kwa daktari wangu iko wapi? Na nani katika jamaa zangu anajua niliko? Kijana huyu alificha kwa sababu mimi, ami yake, nilikuwa nimemfundisha kwa vitendo kwamba jambo hili hufichwa. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu kwa Jumuiya yetu.

Ombi la kwanza: kesho adhuhuri tutakula pamoja. Mama zetu wamepika tangu juzi. Nawaomba tusimlazimishe mtu kuongeza. Mkarimu anaweza kusema "karibu" mara moja na akaheshimika. Na atakayemwona mwenziwe amenenepa au amekonda, amuulize hali yake kabla ya kulitaja umbo lake.

Ombi la pili: Katibu aandae daftari la maradhi ya ukoo, kwa hiari ya kila mmoja na kwa siri inayostahiki. Nani ana kisukari, nani presha, nani alikufa kwa nini. Watoto wetu wa Toronto wakiulizwa na daktari juu ya babu zao, wasijibu kwamba babu alikufa kwa kudra tu. Kudra ni kweli, lakini na kisukari kilikuwapo.

Ombi la tatu: asiende mtu wa ukoo huu kupasuliwa peke yake. Aliye mbali apigiwe simu, aliye karibu asindikizwe. Nambari yangu Katibu anayo. Mimi nitakuwa macho saa yoyote, na sitauliza umekula nini.

Dada yangu wa Maskati ameketi pale mbele. Jana usiku, nilipokwisha kumsomea maneno haya kabla ya kuyasoma kwenu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi zile Yasini zangu zilikwenda wapi?" Nikamwambia zilifika, dada. Zilifika zilikokuwa zikihitajiwa, ila mimi ndiye niliyekuandikia anwani ya uongo.

Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu na wote waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atukutanishe tena kwa kheri.